Kuzoesha Injini Mpya ya Nitro ya Gari la Rimoti katika Mwinuko wa Nairobi

Injini mpya ya nitro, ile ndogo ya gari la rimoti inayotumia methanoli na nitromethani, inapotoka kwenye boksi lake huwa imekaza kiasi kwamba anayevuta kamba ya kuwashia kwa mara ya kwanza hudhani kuna kitu kimekwama ndani. Hali hiyo ni ya kawaida. Pistoni imetengenezwa ili ibanwe na silinda katika sehemu ya juu kabisa, na kuzoesha injini maana yake ni kuziacha sehemu hizo mbili zisuguane kwa kiasi kidogo, zikiwa katika joto la kazi, mpaka kila moja ichukue umbo la mwenzake. Maelekezo yanayokuja na magari haya kwa kawaida huchukulia kwamba msomaji anaishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa huo, na ndiyo sababu mtu anaweza kufuata kijitabu cha kiwanda neno kwa neno na bado akaichosha injini yake kabla haijakimbia hata siku moja.

Kwa nini joto linatangulia kila kitu

Injini nyingi za magari ya rimoti, kuanzia zile za sentimita za ujazo 2.1 hadi za 3.5 na 4.6, zina pistoni ya aluminiamu inayopanda na kushuka ndani ya silivu (ukuta wa ndani wa silinda) ya brasi, ile shaba ya manjano ya vitasa vya milango, iliyopakwa kromiamu upande wa ndani. Hazina ringi. Kinachozuia mgandamizo usivuje ni kwamba silivu imechongwa ikiwa nyembamba kidogo kuelekea juu, na pistoni inapofika huko hubanwa. Injini inapopata moto, sehemu ya juu ya silivu hutanuka kuliko pistoni, na ule mbano hulegea hadi kufikia kipimo alichokikusudia mtengenezaji. Kwa hiyo injini baridi ni injini iliyobanwa kupita kiasi, na kila mzunguko unaofanyika katika hali hiyo hukwangua silivu na kuuvuta ufito unaounganisha pistoni na krenki (mhimili unaozunguka wa injini), ambao ndio kiungo dhaifu kuliko vyote humo ndani.

Ushauri wa zamani, ambao bado unarudiwa na watu wengi, ni kuijaza injini mafuta mengi kadiri inavyowezekana na kuiacha ingurume polepole kwa matanki kadhaa. Sikubaliani nao. Mafuta mengi hulainisha, lakini pia hupoza, na injini inayonguruma kwa saa nzima ikiwa na nyuzi 60 au 70 za Selsiasi huwa inajisaga badala ya kujizoesha. Tunachokitaka ni mchanganyiko mzito, yaani wenye mafuta mengi kuliko hewa, huku kichwa cha injini kikiwa kati ya nyuzi 90 na 100.

Hapo ndipo mwinuko wa Nairobi unapoingia. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na ya Mombasa katika joto lile lile. Kabureta ndogo za nitro hazina kompyuta ya kurekebisha upungufu huo. Sindano, yaani skrubu ya kabureta inayopima mafuta yanayoingia, ikiachwa mahali ilipowekwa na kiwanda, mafuta yanaingia karibu kiasi kile kile ilhali hewa imepungua, na mchanganyiko unakuwa mzito kupindukia. Injini itatoa moshi mwingi, itakohoa, itazimika kila mara, na zaidi ya yote itakataa kupata moto, hasa asubuhi za Julai ambapo jiji lote linatembea na makoti. Asiyejua sababu atabadilisha plagi tatu akidhani ni mbovu.

Vifaa na mahali

Kifaa cha kwanza ninachosisitiza ni kipimajoto cha miale, kile chenye umbo la bastola. Wengi walikizoea mwaka 2020 kilipokuwa kinaelekezwa usoni milangoni mwa maduka makubwa, lakini kile cha kupima homa hakifai kabisa kwa sababu kinaishia nyuzi zisizozidi 43 hivi. Unahitaji cha mafundi wa mitambo, kinachofika nyuzi 200 na zaidi. Ukipima, elekeza mwale ndani ya kichwa cha injini, pale plagi inapoingilia, wala si kwenye mapezi ya nje, kwa kuwa aluminiamu inayong'aa hudanganya kipimajoto na kuonyesha joto dogo kuliko lililopo.

Wapo wanaotumia tone la maji kichwani mwa injini na kuhesabu sekunde kabla halijakauka. Njia hiyo husaidia mtu asiye na kipimajoto, ila akumbuke kwamba Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100, hivyo tone linalochemka hapa halimaanishi joto lile lile linalotajwa katika maelekezo ya watu wa pwani.

Vingine ni vya kawaida: kiwashio cha plagi chenye chaji kamili, chupa ya kujazia mafuta, plagi mbili za akiba, bisibisi bapa yenye ncha nyembamba ya kuzungushia sindano, spana ya plagi, mafuta maalumu ya kuhifadhia injini, glavu, kalamu ya wino usiofutika, na draya ya nywele. Usicheke hiyo ya mwisho, tutaifikia.

Mafuta yenyewe ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha, ambayo mara nyingi ni ya mbarika, ya sintetiki au yote mawili. Mafuta ya magari huwa na nitro kati ya asilimia 16 na 30. Chagua aina utakayoendelea kuitumia baada ya kazi hii, yenye kiasi cha mafuta ya kulainisha kinachopendekezwa na mtengenezaji wa injini, na usikubali ushauri wa kuongezea petroli au oili ya pikipiki. Plagi ya injini hii haitoi cheche. Waya wake wa platini hubaki mwekundu kwa sababu methanoli inaungua ikiugusa, na petroli haiwezi kufanya kazi hiyo.

Methanoli ni sumu, na hakuna Mkenya anayehitaji kuelezwa sana jambo hilo baada ya vifo na upofu ulioletwa na pombe haramu mwaka 2000 na tena 2014. Mbali na kunywewa, huingia mwilini kupitia ngozi na kwa kuvuta mvuke wake. Moto wake hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo mtu anaweza kusimama kando ya mwali asijue. Fanya kazi mahali penye hewa, weka ndoo ya maji karibu, funga kopo mara tu baada ya kumimina kwa sababu methanoli hunyonya unyevu wa hewani, na usilibebe kopo hilo ndani ya matatu iliyojaa watu. Kwenye ndege haliruhusiwi katika mizigo ya abiria kwa namna yoyote.

Baraza ya fleti si mahali pa kazi hii, na maegesho ya chini ya jengo ni pabaya zaidi. Kelele za injini hizi ni kali, na Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, achilia mbali majirani. Tafuta kiwanja cha wazi, omba ruhusa kwa mwenyewe, na upendelee lami au saruji kuliko udongo. Vumbi jekundu la upande wa Karen na Kiambu ni laini kiasi cha kupenya filta iliyokauka, na likiingia kwenye injini linamaliza kwa dakika chache kile ulichokusudia kukijenga kwa siku nzima.

Maandalizi kabla ya kuwasha

Kagua gari zima kwanza, kwa maana hutaki kukimbizana na gurudumu lililofunguka wakati injini iko katikati ya mzunguko wake wa joto. Kaza skrubu za injini na za eksozi. Loweka sifongo ya filta ya hewa kwa mafuta yake, uikamue hadi ienee rangi moja, kisha uifunge kwenye kabureta kwa uthabiti. Hakikisha mpira unaotoka kwenye eksozi kwenda kwenye tanki haujapasuka, kwa kuwa ndio unaoleta shinikizo la kusukuma mafuta. Ukivuja, mchanganyiko utabadilika ovyo na hakuna sindano itakayourekebisha. Washa rimoti, na uone kama kabureta inafunguka kikamilifu na kujifunga hadi ubaki mwanya mdogo, kati ya nusu milimita na milimita moja. Zima rimoti gari likiwa limewashwa uone kama breki inajishika yenyewe. Kama sivyo, weka mpangilio huo wa dharura sasa hivi.

Ifuatayo ni kazi ndogo ambayo wengi huiruka. Toa plagi, ingiza mrija wa plastiki wa soda kwenye tundu lake, uzungushe flaiwili (gurudumu zito linalozunguka pamoja na krenki) kwa kidole taratibu mpaka mrija ushuke hadi mwisho. Pistoni sasa iko chini kabisa. Chora alama kwenye flaiwili upande wa juu, mahali unapoweza kuiona bila kuinama. Kila mara injini itakapozimwa, utaizungusha hadi alama hiyo irudi juu, ili pistoni ipoe ikiwa katika sehemu pana ya silivu. Ikipoa ikiwa juu, silivu hujikunja na kuibana, na mbano unaharibika kabla hujautumia.

Dondosha matone mawili matatu ya mafuta ya kuhifadhia injini kwenye tundu la plagi, zungusha mara kadhaa, kisha rudisha plagi.

Fungua kijitabu cha injini na uweke sindano zote mbili, ile kuu na ile ya mwendo wa chini, katika kipimo cha kiwanda cha kuzoeshea injini. Kutoka hapo, kwa Nairobi, funga sindano kuu kwa thumuni (moja ya nane) ya mzunguko, yaani kuelekea upande wa saa. Hicho ni kianzio tu. Kuanzia sasa, idadi ya mizunguko haina mamlaka tena. Kipimajoto ndicho kitakachoamua.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Puliza kichwa cha injini na kiwiliwili chake kwa draya ya nywele hadi kipimajoto kionyeshe nyuzi 60 au 70. Hatua hii huchukua dakika chache, na thamani yake ni kubwa: silivu inakuwa imeshatanuka kiasi, kamba inavutika bila kukatika, na ule ufito wa krenki hauvutwi kwa nguvu. Kama kiwanja hakina umeme, ipashe moto nyumbani, uifunike kwa taulo, na usipoteze muda njiani. Foleni ya Barabara ya Mombasa itaipoza. Kwa siku za baridi, zungushia sehemu ya mapezi ya kichwa karatasi ya foili ili joto lisitoroke. Utaipunguza kidogo kidogo jua likipanda.

Weka gari juu ya kigoda au kipande cha mbao ili magurudumu yaning'inie. Jaza tanki. Ziba mdomo wa eksozi kwa kidole chenye glavu, vuta kamba mara mbili au tatu kwa mivuto mifupi mpaka uone mafuta yamefika kwenye kabureta, kisha ondoa kidole. Hapo ndipo unapounganisha kiwashio kwenye plagi. Vuta tena, kwa mivuto mifupi ya haraka, bila kuitoa kamba hadi mwisho wake. Kamba ikigoma ghafla, usishindane nayo: injini imejaa mafuta. Ondoa plagi, pindua gari, vuta kamba hadi mafuta yatoke, kausha plagi, urudie upya.

Ikishika, acha kiwashio mahali pake kwa nusu dakika hivi, na ucheze na kifyatuo cha rimoti kwa upole ili isizimike. Usivute kifyatuo hadi mwisho magurudumu yakiwa hewani, kwa sababu injini isiyo na mzigo hupaa hadi mizunguko ambayo haikuandaliwa kuihimili. Pima joto kila nusu dakika. Moshi mzito mweupe na matone ya mafuta mdomoni mwa eksozi ni dalili njema katika hatua hii. Joto likigoma kuvuka nyuzi 80, funga sindano kuu kwa nusu ya thumuni, subiri sekunde 20, pima tena. Likipanda kuelekea 110, ifungue kwa kiasi hicho hicho. Ninasisitiza kusubiri kwa sababu mabadiliko ya sindano huchelewa kuonekana, na anayeisokota kila baada ya sekunde tatu huishia asijue yuko wapi.

Baada ya dakika nne au tano ndani ya kiwango cha nyuzi 90 hadi 100, izime. Zima kwa kuziba mdomo wa eksozi kwa kitambaa kinene au kwa kusimamisha flaiwili kwa mpini wa mbao. Kubana mpira wa mafuta kunaizima pia, lakini katika sekunde za mwisho injini hunyimwa mafuta na kupaa, jambo ambalo hatulitaki sasa. Kwa sababu hiyo hiyo, usiliache tanki likauke lenyewe. Jaza likiwa limebaki robo. Rudisha alama ya flaiwili juu, na uache injini ipoe mpaka uweze kuishika kwa mkono bila kushtuka. Kupata moto na kupoa huko ndiko kunakotuliza chuma, kwa hiyo muda wa kupoa ni sehemu ya kazi, hata kama watoto waliokuja kutazama wanaanza kulalamika.

Kuteremka chini

Rudia mzunguko huo mara moja au mbili zaidi gari likiwa juu ya kigoda, kila mara ukianza kwa draya. Kisha literemshe. Injini inahitaji mzigo ili ijizoeshe kwa namna itakayotumika, na kuendelea kuingurumisha hewani hakuongezi faida.

Tanki la kwanza chini liwe la mwendo wa nusu kifyatuo, kwenda na kurudi katika mistari mirefu, ukiongeza na kupunguza kwa ulaini. Tanki linalofuata, unaweza kufikia robo tatu kwa sekunde mbili kisha uachie. Kila unapoachia ghafla, mafuta mengi huingia na kulainisha, na hiyo ndiyo sababu mwendo wa kupanda na kushuka unafaa kuliko mwendo mmoja usiobadilika. Kuanzia tanki la nne, gusa mwendo kamili kwa muda mfupi, na ufunge sindano kuu kwa nusu ya thumuni kila tanki, maadamu moshi bado unaonekana mkiani na joto halijavuka nyuzi 105.

Matanki matano au sita yanatosha kwa injini nyingi, ingawa zile zilizobanwa sana zinaweza kuhitaji karibu lita nzima. Ishara ya kutazama ni flaiwili yenyewe: injini ikiwa baridi, bado utahisi mbano pistoni inapokaribia juu, lakini itapita bila kukwama, na injini ikiwa moto itazunguka kwa ulaini huku mgandamizo ukihisika waziwazi. Mbano ukiwa umetoweka kabisa hata injini ikiwa baridi, umepita mahali ulipokuwa unakwenda.

Badilisha plagi sasa. Katika kujisaga huko, chembe ndogo za chuma hunasa kwenye waya wa platini, na plagi inaweza kukuhadaa siku inayofuata ukadhani mchanganyiko ni mbaya.

Kurekebisha kwa matumizi ya kawaida

Anza na sindano kuu. Kimbiza gari kwa mwendo kamili, funga kwa nusu ya thumuni, kimbiza tena, hadi lisiongeze kasi tena. Kisha urudi nyuma nusu ya thumuni. Joto la nyuzi 100 hadi 120 ni la kazi nzuri, na moshi mwembamba lazima uonekane wakati wote. Sauti ikiwa nyembamba na kali, moshi ukatoweka, na injini ikachelewa kutulia unapoachia kifyatuo, inanyimwa mafuta: isimamishe mara moja. Baada ya hapo shughulikia sindano ya mwendo wa chini. Gari likiwa limetulia na moto, bana mpira wa mafuta karibu na kabureta. Injini inapaswa kupandisha mizunguko kidogo na kuzimika baada ya sekunde mbili hadi nne. Ikizimika papo hapo, mchanganyiko wa chini ni mwepesi mno. Ikiendelea kunguruma kwa muda mrefu zaidi, ni mzito. Skrubu ya kurekebisha mwendo wa kutulia iguswe mwisho.

Kuna kishawishi kimoja cha Nairobi. Hata ikirekebishwa vizuri, injini hapa haitakuwa na nguvu ile inayoonekana katika video za watu wa pwani ya Marekani, kwa kuwa hewa ya kuunguza mafuta haipo. Mwenye gari huendelea kufunga sindano akitafuta nguvu iliyopotea, na anachopata ni pistoni iliyochubuka. Kama upungufu huo unakukera, tumia mafuta yenye nitro zaidi au plagi ya daraja la moto zaidi, au umwombe fundi anayezijua injini hizi aondoe shimu (pete nyembamba ya chuma) moja chini ya kichwa ili kuongeza mgandamizo. Hayo yote baada ya kuzoesha kukamilika, na moja baada ya jingine.

Kuhifadhi, na kusafiri

Mwisho wa kila siku, maliza mafuta yote. Ondoa yaliyobaki ndani ya tanki, washa injini iunguze yaliyo ndani, kisha vuta kamba mara chache kiwashio kikiwa kimeunganishwa hadi isishike tena. Methanoli iliyobaki hukusanya unyevu, na mabaki ya nitro huleta asidi inayokula beringi ya nyuma. Weka matone matano ya mafuta ya kuhifadhia kwenye tundu la plagi na mengine kwenye kabureta, zungusha, rudisha pistoni kwenye alama yake ya chini. Safisha filta kabla vumbi halijakauka juu yake.

Ukiteremka na gari hilo Mombasa, fungua sindano kuu kwa angalau robo ya mzunguko kabla hujaiwasha, kwa kuwa hewa nzito ya pwani itaufanya mchanganyiko wa Nairobi kuwa mwepesi kiasi cha kuichoma injini katika tanki la kwanza. Kisha anza upya kuifunga kidogo kidogo kwa kufuata kipimajoto. Ukielekea Eldoret, ambako ni juu zaidi ya hapa, utaifunga zaidi kidogo, na huko kosa lako litakuwa moshi na kukohoa tu. Andika kipimo cha kila mji kwa kalamu ndani ya kifuniko cha boksi la vifaa.